Filamu ya Makala ya Dakika Kumi Kuhusu Mtu na Mazingira Yake: Mwongozo Kamili kwa Anayeanza Moshi au Arusha

Vijana wananiletea filamu zao fupi za makala kwenye flashi, na mwanzo wake nimeshauzoea. Kibo, kilele cha Kilimanjaro, kimejitokeza asubuhi, cheupe juu. Droni inapanda. Kinanda kinalia. Halafu sauti nzito: "Tangu enzi za mababu..." Dakika ya tatu inafika sijaona uso wa mtu hata mmoja, na wa kwanza kutokea atakuwa amekalishwa kwenye kiti cha plastiki aeleze umuhimu wa mazingira.

Kisha linakuja swali: "Kaka, ninunue kamera gani?"

Kamera uliyonayo inatosha. Kinachokosekana ni mtu mwenye kazi mkononi, na wewe kuwepo kazi hiyo inapofanyika. Nitatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho, kutoka miteremko ya Kibosho juu ya Moshi mjini: mzee mwenye kihamba, yaani shamba la migomba linalozunguka nyumba, na mfongo, yaani mfereji wa kijiji unaomletea maji kwa zamu. Wewe wa Arusha weka mfugaji wa Monduli au mama wa mboga wa Tengeru mahali pake. Hatua ni zilezile.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kupanda

- Simu au kamera inayokuruhusu kufunga fokasi na mwanga. Simu ya miaka minne iliyopita haina shida.
- Maiki ya kubana kwenye nguo, pamoja na manyoya yake ya kuzuia upepo. Ukiwa na hela ya kitu kimoja tu, nunua hii.
- Hedifoni za waya zinazofunika masikio.
- Stendi ya miguu mitatu, hata ya bei rahisi, mradi haitikisiki.
- Memori kadi mbili au zaidi. Video ya 4K inayorekodiwa kwa megabiti 100 kwa sekunde inakula karibu GB 45 kwa saa, kwa hiyo piga hesabu kabla hujajikuta unafuta picha za harusi ya dada yako porini.
- Pawabenki iliyojaa, na diski mbili za kuhifadhia.
- Daftari, kalamu, mfuko wa plastiki wa kufunika vifaa mvua ikija, na gambuti.

Droni sijaiweka, na si kwa kusahau. Nitaisema kwenye vibali.

## Hatua ya 1: Tafuta kazi, achana na mada

"Uhaba wa maji" ni mada. "Kila Alhamisi alfajiri mzee anapanda kufungua mfongo, na lazima maji yafike shambani kabla zamu yake haijaisha" ni filamu. Kazi ina mwanzo, ina kitu kinachoweza kuharibika, na ina mwisho. Mtazamaji atakaa kwa sababu anataka kujua kama maji yatafika. Mada haina cha kungojea.

Andika sentensi moja yenye mtu, kitendo cha mikono, na kizuizi. Mama anayekata majani ya ng'ombe kwenye ukanda wa nusu maili, ule ukingo wa msitu uliopakana na vihamba, na mvua inamkimbiza. Mpagazi anayefunga mzigo wake akijua mizani ya getini hairuhusu zaidi ya kilo 20. Sentensi ikikushinda, bado hujampata mtu wako.

Onyo: usimchague mtu kwa sababu anaongea vizuri. Msemaji wa vikao atakupa hotuba ya kikao. Wanaonifaa mimi ni wale wanaojibu huku wanaendelea kupalilia.

Utajua umefaulu ukimsimulia sentensi yako mama ntilie wa soko la Mbuyuni naye akauliza, "Ikawaje?"

## Hatua ya 2: Omba ruhusa kwa mpangilio

Mwaka wangu wa kwanza nilipanda kijiji kimoja na kamera begani bila kuonana na kiongozi yeyote. Saa nne asubuhi nilikuwa kwenye benchi la ofisi nikiulizwa natumwa na nani. Saa tisa wakaniachia. Saa tisa na nusu mvua ikashuka. Kosa lilikuwa langu lote.

Anza na mwenye nyumba mwenyewe. Kisha mwenyekiti wa kitongoji, kisha mtendaji wa kijiji, na usaini kitabu cha wageni. Ukianzia ofisini kabla ya mwenye nyumba, mzee atadhani umeletwa na serikali na atakujibu kiserikali.

Upande wa sheria, Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 inataka kibali kabla ya kurekodi, na filamu ikaguliwe na kupangiwa daraja na Bodi ya Filamu kabla ya kuoneshwa hadharani. Mahali pa kuanzia pasipo na usumbufu ni kwa afisa utamaduni wa halmashauri yako.

Ukienda juu ya vihamba, ujue unapokanyaga. Tangu mwaka 2005 msitu wa juu uliokuwa hifadhi ya misitu umeingizwa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro. Huko ruhusa ya kijiji haina kazi, unahitaji ya TANAPA, wasimamizi wa hifadhi za taifa. Msitu wa Rau, pale chini mjini, uko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Droni inahitaji idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga na ya Wizara ya Ulinzi, na ndani ya hifadhi ni habari nyingine tena. Kwa filamu ya kwanza, iache nyumbani. Mzee hajawahi kuliona shamba lake kutoka angani, na filamu ni ya kwake.

Ridhaa ya mhusika irekodi kwenye video, kwa lugha anayoielewa: jina lake, kwamba amekubali, na filamu itaonekana wapi. Sema wazi "mtandaoni, mtu yeyote anaweza kuiona", kwa sababu wengi hudhani ni ya TV ya nyumbani kwako. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakuhusu hata wewe mwenye simu moja. Mtoto akionekana, mzazi ndiye anayekubali.

## Hatua ya 3: Panda mara mbili bila kamera

Hii ndiyo hatua inayorukwa na kila mtu, na ndiyo inayoua filamu nyingi kuliko zote.

Kamera ikitolewa siku ya kwanza, mzee ataenda kubadili shati. Mama atafagia uwanja. Wajukuu watajipanga mstari. Utarekodi nyumba iliyopokea mgeni, na nyumba hiyo haifanani na ile inayoamka Alhamisi alfajiri.

Kwa hiyo nenda mikono mitupu, au na kilo ya sukari. Salimia wakubwa kwanza: shikamoo babu, shikamoo bibi. Ukijua salamu ya Kichaga itumie, watakucheka kidogo na hiyo ni dalili njema. Ukiletewa mbege, pombe ya ndizi, na hunywi, pokea kibuyu kwa mikono miwili, onja au omba udhuru kwa upole. Usikikatae kikiwa bado mkononi mwa mzee.

Siku ya pili fuatana naye kazini. Beba jembe. Angalia mambo haya na uyaandike:

Jua linatokea wapi na linafika saa ngapi uwanjani. Moshi linachomoza karibu saa 12 na nusu na linapanda wima kwa sababu tuko karibu na ikweta, kwa hiyo ule mwanga laini wa asubuhi ni wa muda mfupi. Mlima nao hujifunika mapema, siku nyingi ikifika saa nne umeshapotea. Ukiutaka, uwe umesimama pale saa 12.

Kelele ziko wapi: jenereta, mashine ya kukoboa, bodaboda zinazopandisha gia kwenye kilima, spika ya duka.

Mzee anasimama wapi kupumzika. Mahali hapo ndipo mtakapofanyia mahojiano, ila usimwambie bado.

Angalia pia msimu. Habari ya mfongo ina uzito wakati wa kiangazi, zamu zinapogombaniwa. Masika, Machi hadi Mei, maji yapo kila mahali, na wewe utakuwa unateleza kwenye tope jekundu na begi la vifaa.

Mafanikio ya hatua hii yana kipimo kimoja: mbwa hakubwekei tena.

## Hatua ya 4: Panga mipangilio ukiwa nyumbani

Weka fremu, yaani picha, 25 kwa sekunde na kasi ya shata 1/50, yaani kila picha ipokee mwanga kwa sehemu moja ya 50 ya sekunde. Umeme wetu ni wa hezi 50, na simu nyingi zinakuja na fremu 30. Ukirekodi hivyo ndani ya nyumba, taa zitapepesa kwenye video, na kuja kuziondoa baadaye ni mateso.

Rangi nyeupe (kwenye kamera huandikwa "white balance" au WB) funga kwa mkono, kelvini 5600 kwa mchana. Chini ya migomba mwanga unachujwa na majani na ngozi ya mtu inageuka kijani kama mgonjwa. Kufunga peke yake hakuponyi, kwa hiyo msogeze hadi ukingoni mwa migomba au barazani.

Mwanga pima usoni. Simu ikiachwa yenyewe itapendelea anga jeupe nyuma, na uso wa mzee utabaki kivuli. Gusa uso, shikilia hadi ifunge, kisha teremsha kidogo kama paji la uso linang'aa.

Kisha weka simu kwenye hali ya ndege. Niliwahi kukatishwa na simu ya shangazi katikati ya sentensi nzuri kuliko zote nilizowahi kurekodi. Shangazi alikuwa anauliza bei ya mchele.

## Hatua ya 5: Sauti

Mtu atavumilia picha yenye ukungu. Sauti mbaya havumilii hata nusu dakika. Lakini kazi tisa kati ya kumi ninazoletewa sauti yake imeharibika kwa namna ileile: mahojiano yamefanyiwa kando ya maji, kwa sababu pamependeza.

Maji yanayotiririka ni kelele inayofunika masafa yote ya sauti ya binadamu. Programu inayojaribu kuyaondoa itaondoa na herufi za mzee, abaki anaongea kama yuko ndani ya pipa. Sogea hatua 30 au 40 kutoka kwenye mfongo, weka kihamba katikati, hapo ndipo umuulize maswali. Maji yarekodi peke yake, dakika mbili, maiki karibu. Ukiyahitaji utayaweka chini ya sauti yake kwa kiwango unachotaka wewe.

Jani kavu la mgomba nalo ni adui. Upepo ukija linagonga shina, tap tap, na kwenye hedifoni linasikika kama mtu anabisha hodi. Angalia juu kabla hujamkalisha mtu.

Maiki ibane kifuani, umbali wa shubiri moja kutoka kidevuni, nje ya koti. Ndani ya koti nguo inasugua. Kiwango cha sauti, ile mita inayopanda na kushuka kwenye skrini, kicheze karibu na desibeli 12 chini ya sifuri, ili akicheka kwa nguvu isipasuke. Vaa hedifoni muda wote, na usijionee aibu.

Kabla ya kuondoka kila mahali, waombe watu wanyamaze dakika moja na urekodi ukimya. Baraza lina ukimya wake, banda la ng'ombe lina wake. Ukikata maneno wakati wa kuhariri, ukimya huo ndio unaoziba matundu.

Halafu kusanya sauti za kazi moja moja: jembe likiingia kwenye tope, ng'ombe wa bandani akitafuna majani, bawa la ndege hondohondo akipita juu, ambalo linavuma kama mtu anapepeta. Sauti hizi zitafanya kazi uliyotaka kinanda kifanye.

## Hatua ya 6: Rekodi kazi ilivyo

Alhamisi imefika. Mzee yuko kwenye maungio, pale mfereji unapogawanyika. Ana kipande cha shina la mgomba, majani mabichi, na jembe. Analaza shina kwenye mdomo wa mfereji wa jirani, anapanga majani juu yake, anakandika tope kwa kisigino. Maji yanasita. Yanapanda kidogo ukutani, yanazunguka kama hayajui pa kwenda, halafu yanageuka na kuingia upande wake yakisukuma takataka mbele.

Yote haya huchukua kama dakika nne, na ndani yake unahitaji shoti tano: mikono, uso, mzee kutoka nyuma ya bega lake, kile anachokitazama, na pana inayoonesha mahali pote. Kila moja ishikilie bila kutikisa, ukihesabu kimoyomoyo hadi kumi. Wanaoanza hushikilia sekunde tatu, kisha kwenye kuhariri hawana cha kukata. Usivute karibu kwa vidole, picha inaharibika. Tumia miguu.

Umekosa maji yalipogeuka? Usimwambie arudie. Akirudia ataigiza, na maji ya zamu yanapotea kwa ajili yako. Rudi Alhamisi ijayo. Hiyo ndiyo faida ya kuchagua kazi: inajirudia yenyewe.

Wala usimvalishe. Kama anafungua mfongo na fulana ya timu ya Ulaya iliyotoboka, hiyo ndiyo nguo ya kazi.

Wanyama wakikatiza, kama mbega wenye mikia myeupe kwenye miti mikubwa, kaa mbali, usiwarushie chakula, na ngojea chini ya mti ambao mzee atakwambia wanaupenda. Anajua kuliko sisi. Mara nyingi utapata tawi linalotikisika tu, nalo ukilitanguliza na sauti yao linatosha.

## Hatua ya 7: Mahojiano yawe ya mwisho

Yafanye baada ya siku tatu au nne za kurekodi kazi, ili uulize uliyoyaona: "Babu, Alhamisi ile ulisimama ukatazama juu muda mrefu. Ulikuwa unatazama nini?" Swali hilo huwezi kulitunga ukiwa mjini.

Mwache aongee Kichaga kama ndiyo lugha inayomtoka. Kiswahili cha wageni kinawafanya wazee wengi wazungumze kama barua. Mkalimani atoke mteremko uleule, kwa sababu Kichaga cha Kibosho si cha Rombo, na mjukuu aliyekulia Dar es Salaam atakupa muhtasari badala ya maneno.

Usiulize swali la ndiyo au hapana. Akimaliza kujibu, nyamaza, hesabu hadi tano. Maneno ya maana huja hapo, akidhani umemaliza. Dakika 40 zinatosha, baada ya hapo anachoka na wewe unaanza kuuliza ya vitabuni.

## Hatua ya 8: Hifadhi usiku uleule

Nakili kwenye diski mbili, fungua faili mbili tatu kuhakikisha zinacheza, ndipo ufute kadi. Diski moja ilale nyumba nyingine. Folda ziite kwa tarehe na mahali. Usiku huo utakuwa umechoka. Fanya hivyohivyo.

## Hatua ya 9: Hariri ukianza na kazi, maneno yafuate

DaVinci Resolve ina toleo la bure linalotosha kabisa kama kompyuta yako ina nguvu. Kwenye simu, CapCut itakufikisha.

Tazama kila kitu kwanza bila kukata, daftari mkononi. Mahojiano yaandike neno kwa neno pamoja na tafsiri. Kisha panga shoti za kazi tu, bila sauti ya mtu, mpaka mtu asiyejua mfongo aelewe nini kinatokea. Hapo ndipo uingize maneno ya mzee, na uingize yale tu ambayo picha haikusema. Picha inaonesha maji yamegeuka, kwa nini aseme "hapa nimegeuza maji"?

Mlima uweke pale mzee anapoutazama. Sio mwanzoni. Najua inauma, uliamka saa kumi kuupata.

Maandishi ya tafsiri yasizidi mistari miwili, meupe yenye ukingo mweusi, maana majani yanameza rangi nyingine zote. Muziki uje mwisho, kama bado unauhitaji, na uwe wa mtu aliyekupa ruhusa kwa maandishi.

Waite watu watatu watazame, wasiwe marafiki wa kukusifu. Wewe usitazame skrini, watazame wao. Andika dakika ambayo kila mmoja aligusa simu yake. Wakigusa wawili sehemu moja, kata hapo hata kama unaipenda.

## Hatua ya 10: Hela, na kurudisha

Filamu ya kwanza haitakulipa. Itakutafutia kazi ya pili. Mashirika na kampuni za utalii za Arusha huuliza neno moja: "Tuoneshe ulichofanya." Wakikupa kazi, muandikiane nani anamiliki picha ghafi, na upokee nusu kabla ya kupanda gari. Ukishapata daraja la Bodi, tuma pia kwenye matamasha, kama lile la kimataifa la filamu la Zanzibar.

Mzee usimlipe ili aseme kitu. Mfidie siku ulizompotezea, na mkubaliane mapema, mbele ya mkewe.

Nakala ya kwanza ni ya nyumba yake, na hapa wengi huaibika: wanachomeka flashi, TV inaandika "faili haitambuliki", ukoo mzima umekaa. TV nyingi za zamani zinasoma flashi iliyofomatiwa kwa FAT32, ambayo haikubali faili moja linalofika GB 4, na hazifungui H.265, namna mpya ya kubana video. Toa filamu kama MP4 ya H.264, namna ya zamani zaidi, Full HD, na faili lisifike GB 4. Ijaribu kwenye TV ya jirani yako huku mjini, siku moja kabla ya kupanda. Beba flashi mbili.